Mama Akida na Kura ya Mayai ya Kambarage

Ndugu Mwanaidi Fikirini, Fundi Sanifu Mkuu wa Kituo cha Majaribio ya Dawa za Vidonda, Kambarage, anastaafu tarehe 30 Juni 1987 baada ya miaka ishirini na minne ya utumishi. Hapa Shinyanga ni wachache wanaolijua jina lake hilo kamili. Wengi wetu tunamjua kama Mama Akida, na watoto wa mtaa ulio nyuma ya kituo humwita Mama Mayai, ingawa si mbele yake.

Wafanyakazi wa kituo waliomba shule yetu iwasaidie kuandika wasifu huu kwa sababu, kama alivyosema mmoja wao, wao wamezoea kuandika namba. Yaliyomo wameyasimulia wenyewe. Mama Akida naye amekubali yasemwe yote, hata yale ambayo mtu mwingine angeomba yaachwe.

Alizaliwa hapahapa mjini mwaka 1932. Baba yake alikuwa fundi cherehani aliyetoka Pangani kuja bara kwa mwaka mmoja, akakaa hadi kufa kwake. Mama yake alikuwa Msukuma. Kwa hiyo Mama Akida huzungumza Kiswahili ambacho mashangazi zake wa pwani hawana cha kukisahihisha, na anapotaka kumkaripia mtu ili akumbuke, hutumia Kisukuma.

Aliajiriwa mwaka 1963 kuwa mhudumu katika wadi ya vidonda. Huko ndiko alikoifahamu miguu ya wachimbaji. Walifika kutoka Geita na vijiji vyote vya njiani, vijana wenye nguvu ambao jiwe lilikuwa limewachana ugoko ndani ya duara, yaani shimo la dhahabu, kisha wakaendelea kusimama katika maji machafu hadi mchubuko ukawa donda. Alikuwa akiosha, akifunga, na baada ya wiki anafungua na kukuta donda liko vilevile. Akamuuliza kila daktari aliyepita wadini kwa nini nyama haioti. Mmoja alimjibu vizuri: nyama mpya inahitaji damu, damu inahitaji mishipa, na pembezoni mwa donda la zamani mishipa haichipui. Mama Akida anasema jibu hilo lilimpa kazi ya maisha yake yote.

Mwaka 1971 ulifika ujumbe wa madaktari kutoka China, na mmoja wao, Daktari Shen, akasaidia kufungua kituo hiki. Alikuja na makopo ya mizizi, magamba na maua makavu ambayo kwao yametumika kutibu majeraha tangu enzi za mababu. Hakudai kwamba yanaponya. Alitaka kuyachemsha, kuyachuja na kuyakausha hadi apate kiini cha kila moja, halafu aone ni kiini gani, kama kipo, kinachoifanya mishipa ya damu iote. Alimwomba Mama Akida kutoka wadini kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiuliza maswali. Mama Akida akapelekwa Mwanza kusoma, akarudi na cheti, akawa mwanamke wa kwanza kituoni kushika darubini kwa kazi na si kwa kuipangusa vumbi.

Huenda wageni wetu wa leo wanajiuliza mayai yanaingiaje hapa. Ukilitia joto yai lenye kifaranga kinachoanza kuumbika, baada ya siku chache utando mwembamba hutandaa ndani yake, umejaa mishipa ya damu. Fundi hukata dirisha dogo katika ganda, hudondoshea kiini cha dawa juu ya utando, huliziba kwa plasta na kulirudisha katika sanduku la kutotolea. Baadaye hufungua na kutazama. Mishipa ikiwa imeongezeka kuelekea pale penye dawa, kuna jambo la kufuatilia. Ikiwa imekimbia, hilo nalo ni la kujua. Kando yake lazima yawepo mayai mengine yaliyodondoshewa maji matupu, ili yalinganishwe. Mama Akida alikuwa na mkono mwepesi kuliko wote. Dk. Gregory Ignas, mkuu wa kituo tangu kilipofunguliwa, anakiri kwamba madirisha yake yeye yaliishia kuwa milango.

Mtaani habari zilienea kwa namna yake. Wako waliosema Mchina anafundisha mayai kutotoa bila kuku. Wachimbaji wawili walisafiri kutoka Geita wakitaka kuuziwa mayai yenyewe wayapake kidondani, na Mama Akida alipowaeleza kwamba hayauzwi, mmoja alimwambia mwenzake, "Twende, wanayala wenyewe hawa." Kwa hakika hakuna aliyeyala. Mama Akida hakula yai kwa miaka yote aliyofanya kazi hiyo. Anasema baada ya kuona mapigo ya moyo kupitia dirishani, hamu huisha.

Mayai yalitoka Nyahanga, kwa Bi Nyamizi, aliyekuwa na kuku wengi wa kienyeji na majogoo ya kutosha. Mayai ya dukani hayakufaa kwa kuwa hayana kifaranga ndani. Bi Nyamizi aliyakusanya kwa majuma mawili, akayapanga ndani ya kapu kwa pumba za mpunga, akapanda nalo basi akiwa amelipakata kama mtoto. Aliwafokea madereva, akawafokea na abiria waliomgusa, na akifika alimfokea Mama Akida. "Ninyi watu wa pwani mnajua kupokea tu," alikuwa akimwambia. Mama Akida alikuwa akimjibu kwamba kama angekuwa wa pwani kweli, angekuwa amekwisha rudi huko, mbali na kelele zake.

Sasa tunafika mwaka 1976 na habari za Namba Saba.

Viini vyote vilipewa namba badala ya majina. Sita vya kwanza havikuonyesha lolote. Cha saba kilikuwa tofauti. Mayai yaliyopewa Namba Saba yalijaa mishipa iliyotapakaa kama mizizi ya mbuyu mchanga, na yale ya maji yalikuwa na mishipa michache, myembamba. Wakarudia wakaona vilevile. Wakarudia tena. Daktari Shen, ambaye si mtu wa kucheka ovyo, alizunguka ua mzima akiwapa watu mikono. Taarifa ikapelekwa Dar es Salaam, na jibu likaja kwamba wageni watafika kuona kwa macho yao. Wakiridhika, dawa ingejaribiwa kwa wagonjwa wachache waliojitolea, na kituo kingejengewa maabara mpya.

Wa kwanza kati ya waliojitolea alikuwa Makoye, mchimbaji kijana wa Masumbwe. Donda lake lilikuwa limeteremka kutoka ugokoni hadi kifundoni, na daktari wa upasuaji alikuwa amekwisha mwambia kwamba mguu ule hauna muda mrefu. Makoye aliomba asubiriwe hadi dawa ya Mchina ipite. Mama Akida ndiye aliyekuwa akimfunga kidonda tangu zamani za wadi, na ndiye aliyempelekea habari za Namba Saba. Kila alipopita dirishani pake, Makoye aliuliza, "Mama Akida, mayai yameamkaje?" Naye alimjibu kwamba yameamka vizuri.

Siku mbili kabla ya wageni kufika, Bi Nyamizi alileta kapu jipya. Walikaa uani wakinywa chai. Mama Akida, kwa furaha aliyokuwa nayo, alimwonyesha kwa kidole rafu mbili za sanduku la kutotolea, ya juu yenye mayai ya dawa na ya chini yenye mayai ya maji, akamweleza jinsi ya juu yalivyonawiri.

Bi Nyamizi hakushangaa hata kidogo. "Si ndiyo yale ya juu ya kapu?" aliuliza. "Yale najua hayawezi kuniaibisha."

"Kwa nini ya juu?"

"Kwani wewe ukimpelekea mkweo nyanya, unaweka juu zilizobonyea? Ya juu ni ya jana na juzi, makubwa, ya kuku wangu wale wazuri. Ya chini ndiyo yale ya tangu mwanzo wa majuma mawili. Nawaletea madaktari, sikuleta sokoni."

Wote waliokuwa uani walilelewa hivyo. Hakuna mtu wa huku anayepanga kapu la heshima kwa namna nyingine. Kwa sababu hiyohiyo, hakuna aliyefikiri kuuliza. Tangu lilipoletwa sanduku hili la rafu mbili kwa ajili ya Namba Saba, Mama Akida alikuwa akitoa mayai kuanzia juu ya kapu na kuyapanga kuanzia rafu ya juu, kwa utaratibu, kapu baada ya kapu. Mayai mapya yenye nguvu yalikuwa yanapewa Namba Saba, na mayai yaliyokwisha choka yalikuwa yanapewa maji. Walirudia jaribio mara kadhaa, na kila mara walirudia kosa.

Aliacha chai yake palepale. Ofisini alimkuta Dk. Gregory na Daktari Shen wakipanga viti vya wageni, akawaeleza yote akiwa amesimama. Dk. Gregory alikaa kwenye kiti kimojawapo.

"Mama Akida," alisema, "wageni wameshapanda treni."

"Basi watakuta chai, baba. Dawa hawatakuta."

"Labda ni dawa kweli. Labda mayai hayo yamezidisha tu."

"Labda," alisema. "Lakini mimi siwezi kwenda kumpaka mtu labda."

Daktari Shen alikuwa bado ameshika kiti mkononi. Kiswahili chake alijifunzia wadini, kifupi na cha kutosha. "Turudie," alisema. "Mimi nilisimama karibu naye kila siku. Nami sikuona." Kisha akakirudisha kiti mahali pake.

Wageni walifika, wakanywa chai, wakaelezwa ukweli. Mmoja wao aliuliza kwa ukali inakuwaje kituo kizima kishindwe kupanga mayai. Mama Akida alisimama, akajibu kwamba aliyeyapanga ni yeye, na akawaonyesha kapu. Wageni wakarudi Dar es Salaam. Habari za maabara mpya hazikusikika tena, na mpaka leo kituo kinafanyia kazi katika jengo lilelile, lenye bati linalolia upepo ukivuma.

Lakini kwake hilo halikuwa gumu. Gumu lilikuwa kwenda wadini. Angeweza kumtuma mwingine. Alikwenda mwenyewe, na waliokuwa kwenye vitanda vya jirani wanayakumbuka maneno.

"Umeniletea dawa, Mama Akida?"

"Sikuleta. Hatujui kama ni dawa."

"Juma lililopita mlijua."

"Juma lililopita tulikosea, mwanangu. Nilikosea mimi."

"Kwa hiyo mguu wangu unakatwa na mayai ya bibi wa Nyahanga."

Mama Akida alimwomba ruhusa ya kubadilisha bandeji. Makoye akageukia ukutani, akamwachia mguu. Mguu ulikatwa chini ya goti mwezi huohuo. Mama Akida alikuja kumfunga kila asubuhi kabla ya kazi, na kila asubuhi Makoye aliitazama rangi ya ukuta. Siku aliyoruhusiwa kurudi Masumbwe hakumuaga.

Kituoni walianza upya. Mama Akida alibuni utaratibu ambao sasa kila anayeajiriwa hapa hufundishwa kabla ya kuonyeshwa choo kilipo. Mayai yote ya kapu humwagwa taratibu ndani ya ungo mkubwa uliotandikwa pumba, hufunikwa kwa kanga, huchanganywa, na mtu asiyejua lolote kuhusu dawa hupenyeza mkono na kutoa moja moja. Anayedondoshea dawa hajui chupa ipi ni ya maji, na anayetazama mishipa hajui yai lipi lilipewa nini hadi mwisho. Hii ndiyo kura ya mayai. Mara ya kwanza ilipochezwa, Mama Akida aliagiza aitwe Bi Nyamizi ndiye achague, maana alisikia kwamba huko Nyahanga amekataa kula kwa aibu. Alifika akiwa mnyonge. Alipouingiza mkono chini ya kanga alianza kucheka. "Leo hapa hakuna mkwe wala mtani," alisema, na tangu siku hiyo akarudia kumfokea kila mtu kama zamani.

Kura ilipochezwa, Namba Saba ilianguka. Hakuna aliyeweza kuyatofautisha mayai yake na yale ya maji. Walirudia hadi pasibaki shaka. Daktari Shen alirudi kwao mwaka 1978 bila kuona kiini hata kimoja kikipita. Siku ya kuondoka alimwachia Mama Akida makopo yake yote na darubini yake mwenyewe, ile inayotumika kituoni hadi sasa.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya shida kwa nchi nzima, na kituo nacho hakikusalimika. Mafuta ya taa ya kupashia masanduku joto yalipokosekana, Mama Akida alijaribu makaa, akajaribu chupa za maji moto, na kwa siku kadhaa aliyavika mayai sweta la mumewe. Mzee Akida, tunavyoambiwa, alivumilia baridi kwa ajili ya sayansi. Namba zilizidi kwenda. Ya nane, ya tisa, ya kumi, na zote zilianguka. Dk. Gregory anasema angeweza kuchoka kama si huyu mama, aliyekuwa akifuta ubao kila zinapoanguka na kuandika namba inayofuata kwa mwandiko uleule.

Mwaka 1980 Makoye alirudi. Alishuka kwenye lori la pamba akiwa na magongo yake, na kijana wa lori akamshushia sanduku la mbao. Alikuwa amerudia kazi ya baba yake ya useremala. Alimkuta Mama Akida mlangoni, akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akaligonga sanduku kwa gongo.

"Nimesikia masanduku yenu yanapitisha baridi," alisema. "Hili halipitishi."

Ndani alikuwa ameweka kuta mbili zenye pumba katikati, na rafu moja tu, pana, isiyo na juu wala chini. Makoye akaajiriwa kuwa seremala wa kituo, na masanduku yote yaliyopo leo ni ya mkono wake.

Mwaka 1982 ilifika zamu ya Namba Kumi na Tisa, mzizi wa aina ya mwisho, uliojaa kopo ambalo lebo yake ilikuwa imeliwa na mende. Kura ikachezwa. Mishipa ikaota. Ikachezwa tena kwa mayai ya Nyahanga, ikachezwa kwa mayai ya Masumbwe, ikachezwa na wachaguaji wengine na watazamaji wengine. Ikaota kila mara. Mama Akida hakumpa mtu mkono hadi dawa ilipopita kwa vidonda vya sungura pia. Siku hiyo, tunaambiwa, alikwenda nyuma ya karakana, akakaa juu ya rundo la mbao za Makoye, akalia kidogo, akarudi kazini.

Tangu mwaka jana Namba Kumi na Tisa inajaribiwa kwa wagonjwa waliojitolea, nao pia hupangwa kwa kura. Baadhi ya madonda yameziba. Hatutasema zaidi ya hapo, kwa sababu Mama Akida ametukataza kusema tusichokijua bado, na katika wasifu wake tungeona aibu kumvunjia amri.

Tulimuuliza Makoye kama bado ana kinyongo. Alikuwa akipiga randa, na hakuacha. Alisema kwamba mpaka leo hakuna anayejua kama Namba Saba ingemfaa japo kidogo, na kwamba kuna asubuhi ambazo huuota mguu wake. Kisha akasema: "Nilimkasirikia miaka minne. Lakini waliponiambia hii ya Kumi na Tisa ni dawa, niliamini palepale. Nikamleta mdogo wangu, naye ana donda. Kwani ningemwamini nani? Huyu ndiye aliyeninyima."

Sisi tunaosoma sayansi darasani hatukupata sentensi bora ya kumwelezea mama huyu, kwa hiyo tumeiacha kama ilivyosemwa.

Mama Akida anatuambia atafuga kuku nyumbani kwake Kambarage, na kwamba atajaribu tena kula yai. Ameacha mafundi wanne aliowafundisha mwenyewe, darubini isiyo na vumbi, na ungo wenye kanga yake juu, ambayo amekataa kuichukua.

Mama Akida, wafanyakazi wenzako wanakushukuru, wagonjwa wanakushukuru, na mji huu unakuonea fahari. Afya njema ikufuate, na wajukuu wakuchoshe kwa furaha. Kapu la mayai utakalokabidhiwa leo limepangwa na Bi Nyamizi na Makoye kwa pamoja. Wametuomba tukuambie usihangaike kulichanganya. Ya juu ni ya jana, na ya chini pia ni ya jana.

Umeandikwa kwa niaba ya wafanyakazi wote,
Limi Jilala, Kidato cha Tatu